Kisa cha kijitabu cha Shaaban Robert: chuku tuliyoikamata na kweli tuliyoitupa

Kabla ya yote, majina ya watu, ya mji na ya shule nimeyatoa, na vitu vichache ambavyo vingemfanya mtu atambulike nimevibadilisha kidogo. Kijana aliyeandika drafti ninayoieleza humu ameisoma hii na amekubali itoke. Jina la Shaaban Robert limebaki maana yeye ndo mada.

## Usuli

Nafundisha Kiswahili sekondari, upande wa pwani ya Tanzania, na jumamosi huwa nakaa na kikundi cha vijana wapenda fasihi, wanasoma mashairi, wanatunga ya kwao, wakipata hela wanachapisha kitu. Mwaka huo wakapata mfadhili, mzee mmoja mfanyabiashara mstaafu, akaahidi kulipia kijitabu cha kurasa 14 kuhusu maisha ya Shaaban Robert kigawiwe bure kwa wanafunzi wa shule za jirani siku ya tamasha lao. Mzee huyu anampenda Shaaban Robert mapenzi ya kweli, sio ya mdomoni, shairi la "Amina" analisoma lote bila kitabu na akifika katikati sauti inabadilika.

Kazi ya kuandika akapewa mmoja wa kikundi, ana miaka ishirini na kitu, humu ntamwita Kijana. Mi nikaombwa niipitie kabla haijaenda kwa mchapaji, nirekebishe tahajia na nukta, basi. Hakuna aliyeniomba nichunguze ukweli na hata mwenyewe sikuwa nimelifikiria hilo. Tulikuwa na wiki tatu.

Kwa asiyemjua vizuri niweke yale ya msingi. Kazaliwa 1 Januari 1909 kijijini Vibambani, Machui, karibu na Tanga mjini. Kasoma Dar es Salaam, shule ya Kichwele, 1922 hadi 1926, na elimu yake ya darasani ikaishia hapo. Mwaka huohuo wa 1926 akaajiriwa karani wa forodha, Pangani ikiwa mojawapo ya vituo vyake, akaifanya kazi hiyo mpaka 1944, akahamia idara ya wanyama, 1946 akarudi Tanga kwenye ofisi ya serikali, halafu toka 1952 mpaka 1960 ofisi ya upimaji ardhi. Alifariki Juni 1962, miezi sita tu baada ya uhuru wa Tanganyika, akiwa na miaka 53. Na ndani ya maisha hayo ya ofisini akaandika vitabu zaidi ya ishirini, mashairi, tenzi, insha, hadithi, na maisha yake mwenyewe.

Hiyo miaka iweke kichwani, maana ndo iliyotuokoa baadae.

## Kilichotokea

Drafti ilikuwa tamu. Nalisema hili mapema kwa sababu drafti mbovu ingejikamatisha yenyewe, ila ya Kijana ilikuwa na mkono, unaisoma huku unatabasamu. Ilianza hivi: usiku aliozaliwa Shaaban upepo wa bahari ulitulia ghafla, mama yake akajua amezaa mfalme wa maneno. Nikarekebisha nukta, nikaendelea.

Ukurasa wa tatu ndo nikasimama. Kulikuwa na sentensi inasema mwaka 1930 Shaaban Robert alikisanifisha Kiswahili na kuwapa Waafrika Mashariki lugha moja. Sasa mi kila mwaka nafundisha mada ya usanifishaji, najua kabisa kwamba 1930 ndo ilipoundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, ile ya maeneo yote manne, baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928 uliochagua Kiunguja kiwe msingi, na kamusi za Johnson zikatoka 1939. Nikachukua karatasi nikatoa 1909 kwenye 1930 nikapata 21. Kijana wa miaka 21, karani wa forodha, hajachapisha kitabu hata kimoja. Kweli baadae alikuja kuwa mtu wa kusikilizwa sana kwenye mambo ya lugha na akakaa kwenye kamati, na kitu alichokifanya kwa Kiswahili sanifu ni kikubwa, aliionyesha lugha ile mpya ya kwenye vikao kwamba inaweza kubeba falsafa na ushairi. Lakini hakuisanifisha yeye.

Nikarudi mwanzo kabisa. Nikasoma upya, safari hii sitazami nukta, kila sentensi najiuliza nani aliona, lini, na yeye alikuwa na umri gani. Yule mama na upepo nikawa wa kwanza kumtilia alama. Nani alikuwepo aandike mama alichokijua moyoni usiku ule?

Halafu yakaanza kutoka moja baada ya jingine. Drafti ilisema wakoloni walimshtaki mahakamani na kumfunga kwa kuwafundisha watu sheria. Hapa nilikaa muda mrefu kwa sababu kitu hiki nilikuwa nakijua, nimekisoma mahali, ila sio kwenye maisha yake. Nikakumbuka usiku nikiwa naosha vyombo: ni Karama! Ni kitabu cha Kusadikika cha 1951, ile nchi inayoelea angani, Karama ndo anayeshtakiwa na waziri Majivuno kwa kutaka kuanzisha elimu ya sheria, anajitetea kwa kuwasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, wakarudi na mawazo mazuri wakaishia gerezani. Mtu fulani, wakati fulani, alisema Shaaban Robert alijificha nyuma ya Karama kuukosoa ukoloni, ambayo ni tafsiri nzuri na wengi wanaikubali, halafu aliyefuata akaifupisha, halafu wa tatu akamtoa Karama kabisa akabaki Shaaban kizimbani. Mwandishi wa Kusadikika alikuwa mtumishi wa serikali toka 1926 mpaka 1960, karibu miaka yote ya utu uzima wake, wala serikali ile haikumfunga.

Kingine, drafti ilisema alitunga utenzi mkuu wa mapambano ya uhuru wa Tanganyika. Jina la kitabu ni Utenzi wa Vita vya Uhuru, ndo maana, ukiishia hapo unaona sawa kabisa. Lakini jina kamili linaendelea: 1939 hata 1945. Ni vita kuu ya pili ya dunia! Uhuru anaousema ni wa dunia dhidi ya Hitler na wenzake. Kijana hakuwahi kukiona kitabu chenyewe, aliona jina lililokatwa mkia.

Ikafuata ya TANU, kwamba Julai 1954 alikuwa mmoja wa waasisi. Waasisi walikuwa 17, majina yanajulikana, yeye hayumo, wakati huo alikuwa ofisi ya upimaji Tanga na watumishi wengi wa serikali walikuwa wamezuiwa siasa. Mshairi aliyekuwemo kwenye wale 17 ni Saadani Kandoro.

Ikafuata ya Amina, hii iliniuma kuigusa. Mke wake Amina alifariki na shairi la kumlilia ni moja ya vitu vizuri kuliko vyote vilivyoandikwa kwa Kiswahili, sijali nani anasema nini. Drafti ikaandika kwamba kwa uaminifu hakuoa tena mpaka anaingia kaburini. Alioa tena. Mwenyewe kwenye kitabu cha maisha yake hafichi. Aliyeandika ile sentensi alilisoma shairi akaligeuza kiapo, wakati shairi la kilio ni sauti ya mtu siku ile ya msiba, haliwi cheti cha miaka yote inayofuata.

Na mwisho, ukurasa wa 12, Malkia wa Uingereza alimwita London akamvika cheo akawa "Sir Shaaban". Nikakata kwa wino mwekundu, sentensi yote, bila kufikiri mara mbili. Hii ishike, tutairudia.

## Kuzungumza na Kijana

Nilimwita tukae, sikumtumia ujumbe. Niliogopa kumwandikia maana maandishi ya kukosoa yanasomeka makali kuliko yalivyo, na huyu kijana nampenda.

Nikamuuliza, hii ya mahakamani umeitoa wapi? Akasema, "Mwalimu, iko sehemu tatu." Akafungua simu akanionyesha, kweli zipo tatu, moja ni ujumbe mrefu wa kusambazwa WhatsApp, moja ni notisi za shule zilizopigwa picha, moja ni hotuba ya mgeni rasmi wa shughuli fulani iliyochapwa. Tukazisoma kwa sauti, moja baada ya nyingine. Maneno yaleyale. Na zote tatu zimeandika kijiji cha Vibambani kimakosa, "Vibabani", herufi ileile imeruka. Kijana akanyamaza akaniangalia, sikuhitaji kueleza kitu. Zilikuwa chanzo kimoja kilichovaa nguo tatu.

Nataka ieleweke kwamba Kijana hakutunga uongo. Kitu pekee alichokitunga ni ule upepo wa usiku wa kuzaliwa, na hata huo aliniambia aliuweka kwa sababu hadithi za watu wakubwa zote alizosoma zinaanza hivyo. Mengine yote aliyakuta yakiwa yameshavimba.

## Maamuzi na sababu zake

La kwanza, tuliamua kutumia kalamu tatu. Nyeusi kwa sentensi inayosimama yenyewe, bluu kwa yenye punje ya kweli ndani iliyovimba, nyekundu kwa isiyo na kitu. Sababu ya kuweka bluu ni kwamba Kijana aliogopa nitafuta kila kitu kizuri, na mi nikaona kweli, chuku nyingi ina punje ndani, ukiitupa nzima umetupa na punje. Kwa mfano drafti ilisema "aliacha vitabu 24 alivyovichapisha kwa mikono yake akiwa hai". Punje ni kwamba aliandika vingi mno. Lakini Kufikirika kilitoka 1967, utenzi wa vita 1967, Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote 1968, yeye hayupo miaka mitano sita. Tulipoiandika hivyo, kwamba vingine vilibaki mswada vikatoka baada ya kifo, sentensi ikawa na uchungu ambao ya mwanzo haikuwa nao.

La pili lilikuwa kuhusu majina ya sifa. Watu wanamwita Shakespeare wa Kiswahili, wengine wa Afrika. Kijana alitaka tuyatoe baada ya kuona vile nimekuwa mkali, mi nikakataa. Sifa ni sifa, kila msomaji anajua ni sifa, ilimradi uandike "wanamwita" na usianze kujenga hoja juu yake kana kwamba ni cheo alichopewa na baraza. Tatizo la drafti ni kwamba ilitoka kwenye jina la sifa ikaenda kwenye "kama Shakespeare, aliandika tamthilia nyingi". Yaani jina la kumsifu likazaa kazi ambazo tukiulizwa tuzionyeshe ziko wapi hatuna.

La tatu ndo gumu, mzee mfadhili. Wenzake Kijana walitaka tuchape kwanza mzee atajionea baadae. Mi nikasema hapana, pesa ni yake na mapenzi ni yake, akikuta Shaaban wake kabadilika kwenye karatasi mbele ya wageni tutakuwa tumemvunjia heshima. Nikaenda nyumbani kwake jioni na Kijana. Shikamoo, marahaba, tukakaribishwa kahawa, nikamweleza. Akasikiliza lote, akasema, "Mwanangu, sasa mnataka kumvua mzee wetu kilemba?" Nikamwambia, "Hapana mzee, namvua cha ukoka tu, cha kwake mwenyewe anacho kichwani." Hakucheka, ila hakukasirika. Akaomba nimsomee ukurasa ule ulioandikwa upya, wa karani wa forodha. Nilipofika kwamba shule ilikuwa miaka minne hivi tu, 1922 mpaka 1926, akaniambia rudia. Nikarudia. Akasema hiyo iwekwe mwanzo, iwe ndo ya kufungulia. Na ndo tukaifanya hivyo, upepo ukaondoka yakaingia mahesabu ya forodha.

La nne ni uamuzi wangu peke yangu na ndo nilikosea. Wiki ya tatu, muda umebana, nikawa nimeshazoea kukata. Nilipoipitia orodha ya mwisho kila kilichonukia utukufu nikakiona chuku. "Sir" nilishakikata na sikuirudia hiyo sentensi kuitafutia punje. Kulikuwa pia na mstari unasema alipata tuzo ya Margaret Wrong ya uandishi, nikaona jina la kizungu, nikaona tuzo, nikasema hii nayo ni ya WhatsApp, nikapiga nyekundu.

## Matokeo

Kijitabu kilitoka siku mbili kabla ya tamasha, kurasa 12 badala ya 14, kikagawiwa. Kwenye maswali wanafunzi wengi waliuliza kuhusu ukarani, mmoja akauliza alikuwa anaandika saa ngapi kama asubuhi yuko kazini, mwingine wa kidato cha tatu akauliza je wakubwa wake ofisini walijua anaandika nini. Sijawahi kuona wanafunzi wanauliza hivyo kuhusu mwandishi wa kwenye silabasi, kwa kawaida wanauliza dhamira na maudhui kwa sababu ndo yanatoka kwenye mtihani.

Lakini bango la jukwaani lilishachorwa mwezi mmoja kabla, kabla hata mi sijaombwa kitu, na limeandikwa kwa herufi kubwa "Mwandishi wa kwanza wa Kiswahili". Mshereheshaji akalisoma kwenye kipaza sauti mara sita au saba. Kijitabu kinasema hivi, bango linasema vile, na wiki iliyofuata nikakuta kwenye insha za darasani kwangu, insha kadhaa, sentensi ya bango na sio ya kijitabu.

Na siku ileile ya tamasha mwalimu mmoja mstaafu akanifuata na kijitabu mkononi, kwa upole sana, akaniuliza mbona hamkutaja MBE? Nikamwambia tuliikuta habari ya "Sir" tukaitoa. Akasema "Sir" hakuwa, sawa, lakini MBE alipewa, na tuzo ya Margaret Wrong alipata. Vyote viwili kweli. MBE ni daraja la chini kati ya madaraja matano ya ile nishani ya Uingereza, na anayeitwa Sir ni wa madaraja mawili ya juu tu. Ina maana drafti ilikuwa na punje safi kabisa, nishani halisi, ikapandishwa madaraja, na mi badala ya kuishusha ilipotakiwa kukaa nikaitoa duniani. Ilibidi tuchape vikaratasi vidogo vya kubandika ndani ya jalada, kwa vijitabu vilivyobaki. Vilivyokwisha kwenda mashuleni vilienda bila.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni kutoa tarehe kwenye tarehe. Sio elimu kubwa, ni hesabu ya darasa la tatu. Ukiwa na mwaka wa kuzaliwa, wa kazi na wa kufa, chuku nyingi inajikwaa yenyewe, ya usanifishaji ilianguka hapo, ya TANU hapo, ya vitabu 24 hapo. Chuku haipendi miaka, utaona sehemu zenye chuku zimejaa "tangu utotoni", "maisha yake yote", "hadi leo hakuna", "siku zote", na sehemu za kweli ndo zina tarehe na jina la ofisi.

La pili lililofanya kazi ni kuuliza hiki ni cha mwandishi au cha mhusika wake. Kwa Shaaban Robert swali hili ni la lazima zaidi kwa sababu wahusika wake ni wema mno, majina yao yenyewe ni maadili, Karama, Utubora, Adili, na yeye mwenyewe aliandika kitabu kuhusu maisha yake, kwa hiyo mpaka kati ya mtu na kitabu unapitika kirahisi. Msomaji anatoka kwa Utubora anaingia kwa Shaaban hajui amevuka. Dawa yake ni barua. Zipo barua zake kwa ndugu yake Yusuf Ulenge, za 1931 mpaka 1958, Profesa Mulokozi alizihariri zikatoka 2002, humo utamkuta mtu mwenye shughuli za nyumbani, za kazi, za miswada, mtu anayemwandikia ndugu yake. Nilimpa Kijana azisome baada ya yote kwisha, ilikuwa nimpe kabla. Hilo ni kosa la mpangilio, tulianza na yale yaliyosemwa kuhusu mtu tukamalizia na yale aliyoyasema mwenyewe.

Sasa jambo ambalo nimekuwa nikilifikiria sana tangu siku ile, na ndo sababu hasa ya kuandika hii. Watu wengi wanaona chuku kwenye maisha ya mwandishi haina madhara, unamwongezea marehemu sifa kidogo, nani anaumia? Nikarudi kwenye nyekundu zetu zote nikaziangalia upya na kila moja ilikuwa imemchukulia mtu mwingine kitu. Bango likisema yeye ni wa kwanza kuandika Kiswahili limemfuta Muyaka wa Mombasa aliyekufa 1840, limeufuta Utenzi wa Tambuka wa 1728, limemfuta hata jirani yake wa Tanga, Hemed Abdallah el-Buhriy, aliyetunga utenzi wa Wadachi walipoingia Mrima. TANU tulimchukulia Kandoro. Uaminifu kwa Amina uliwafuta wake waliokuja baada yake, walioishi naye, waliolea watoto, hawapo kabisa kwenye drafti, ni kama hawakuzaliwa.

Na iliyoniuma kuliko zote ni sentensi moja ya bluu iliyosema yeye ndo aliyebuni utenzi wa mzazi kumuusia mtoto, kwa zile tenzi zake mbili, Hati kwa binti yake na Adili kwa mwanawe wa kiume. Mwana Kupona aliandika utenzi wa kumuusia binti yake mwaka 1858! Mama mgonjwa, anamwita mtoto aje na karatasi na wino. Ukiujua huo halafu ukausoma Hati unaona kumbe Shaaban anaketi kwenye mkeka uleule, baba wa karne iliyofuata, anachukua utaratibu wa mama wa Lamu na Pate anauongelesha kwa binti wa Tanga. Hiyo ni nzuri mara mia kuliko "alibuni". Tulipomfanya wa kwanza tulimfanya mpweke, na tukamnyang'anya ukoo.

Nikiangalia upande wa lugha pia, neno letu lenyewe wasifu linatoka shina moja na sifa. Kwa hiyo ukimwambia Mswahili andika wasifu, moyoni ameshaanza kusifu, ni desturi yetu na siioni aibu. Shaaban Robert mwenyewe aliandika wasifu wa Siti binti Saad na akamsifu hasa. Lakini angalia anachokisifu, binti maskini wa Fumba, muuza vyungu, aliyefika mbali kwa sauti na jitihada. Anaanza chini pale alipoanzia Siti kweli na sifa inapanda kutoka hapo. Drafti yetu ilimpandisha Shaaban kabla hajazaliwa, toka usiku wa upepo, kwa hiyo hakuwa na pa kupanda. Ndo maana nadhani mzee aliguswa na ile miaka minne ya shule.

Kilichoshindikana. Bango, kwanza, na kosa ni kwamba tuliichukulia kazi kama karatasi peke yake. Shughuli ya namna hii ina bango, mshereheshaji, hotuba, ujumbe wa mwaliko, na sentensi moja fupi inayorudiwa kwenye kipaza sauti inashinda kurasa 12 zilizoandikwa kwa uangalifu. Tungekaa na mshereheshaji nusu saa tu tukampa sentensi tatu za kweli za kusema, angezisema, hana shida na ukweli, alisoma kilichokuwa mbele yake.

Na kosa langu la MBE nataka nilieleze vizuri maana walimu wenzangu wanaweza kuliangukia. Kushuku kukawa tabia. Mwanzoni nilikuwa nauliza ushahidi uko wapi, mwishoni nikawa naangalia tu kama sentensi inang'aa. Kung'aa sio ushahidi wa chuku. Mtu mashuhuri ana mambo kadhaa ya kweli yanayong'aa, ndo maana akawa mashuhuri. Kwa Kijana nilidai chanzo kwa kila sentensi aliyoweka, ila mimi sikudai chanzo kwa kila sentensi niliyoitoa, na kalamu ya bluu niliyoitunga mwenyewe sikuitumia siku niliyoihitaji zaidi. Sasa hivi nikikata kitu naandika pembeni nimekikata kwa sababu gani, na kama sababu ni "kinaonekana kikubwa mno" nakirudisha nakitafuta.

Kuhusu mzee, kwenda kwake mapema kulisaidia kuliko nilivyotegemea, ila kulikuwa na bahati ndani yake pia. Mfadhili mwingine angechukua hela zake akaondoka, na hapo sijui kikundi kingefanya nini, hawakuwa na mpango wa pili. Hilo nalo lilikuwa pengo.

Toleo la pili linaandaliwa, MBE na Margaret Wrong zimo, wake wengine wamo, Mwana Kupona yumo. Mwezi uliopita Kijana alipanda basi mwenyewe akaenda Pangani, akatembea kule kwenye majengo ya zamani, akakaa na wazee wa pale. Karudi na daftari. Ukurasa wa kwanza kaandika habari moja nzuri sana aliyosimuliwa kuhusu karani wa forodha aliyekuwa anaandika mashairi, nzuri kiasi kwamba niliisoma mara mbili, na chini yake, kwa kalamu ya bluu, kaandika: "Kanisimulia mzee mmoja, aliisikia kwa baba yake. Bado haijathibitishwa, isiingie kwanza."